Hasikii Sauti Ndogo, Sauti Kubwa Inamwumiza

Je, nyumbani kwako au kwa jirani yako yuko mtu wa namna hii? Ukimsemesha kwa sauti ya kawaida anasema, "Unasemaje? Ongeza sauti." Ukiongeza sauti anakunja uso, anaziba masikio na kusema, "Mbona unanipigia kelele? Mimi si kiziwi!"

Watu wengi humcheka mtu huyo. Wengine husema ni mkorofi. Wengine husema anasikia yale anayopenda tu. Mimi mwenyewe niliwahi kucheka. Nilikosea, na ndiyo sababu ninaandika habari hii.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mahindi, maharage na kahawa. Mambo ya sikio si kazi yangu. Lakini bwana shamba huingia katika kila nyumba, na akiingia huona mengi.

MKUTANO WA VIWAVIJESHI

Katika kata ninayofanya kazi, huku Nyanda za Juu Kusini, yuko mzee ambaye wote tunamwita Mzee wa Mashine. Amesaga mahindi ya kijiji kwa miaka 22. Injini yake ni ya dizeli. Chumba cha mashine kina kuta za matofali, bati juu, mlango mmoja na dirisha moja dogo. Injini ikiwaka, ukitaka kuuliza bei ya kusaga debe moja, unauliza kwa vidole na kujibiwa kwa vidole. Mzee alisimama humo tangu asubuhi hadi jioni. Wakati wa mavuno alisimama hata usiku.

Mwaka 2019 niliitisha mkutano juu ya viwavijeshi vamizi, wale wadudu walioingia katika mahindi yetu mwaka 2017. Mzee alikaa nyuma, chini ya mwembe. Nilipoanza kusema, akapaza sauti: "Bwana Shamba, ongeza sauti! Huku hatusikii." Wenzake waliokaa karibu naye wakasema wao wanasikia vizuri. Basi nikachukua kipaza sauti cha mkono cha ofisi ya kijiji, nikakiwasha, nikasema, "Ndugu wakulima!"

Mzee aliruka kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Akaziba masikio kwa mikono miwili. Kisha akachukua fimbo yake akaondoka, akinung'unika kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu. Watu wakacheka sana. Mtu mmoja akasema, "Mzee yule husikia akipenda." Nami nikacheka pamoja nao, kisha nikaendelea na viwavijeshi vyangu.

Siku ile nilieleza jinsi ya kukagua mahindi yakiwa bado machanga, mara mbili kwa wiki, na kutazama ndani ya kikonyo ambamo kiwavi hujificha. Mzee hakusikia maneno hayo. Msimu ule ekari zake mbili ziliharibika vibaya. Yeye mwenye mashine ya kusaga alinunua mahindi ya kula.

SWALI LA MTOTO WAKE

Baada ya mavuno nilikwenda nyumbani kwake kwa habari za kuhifadhi nafaka. Nilibisha hodi nikamkuta mke wake peke yake jikoni, ameshika tama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Bwana Shamba. Karibu. Umetukuta vibaya."

Akanieleza. Mzee alikuwa ameacha kula pamoja na wenzake. Alisema vijiko vikigonga sahani vinamchoma kichwani. Mtoto mchanga akilia, mzee hutoka nje hata kama mvua inanyesha. Redio huitaka iwe juu, na tangazo la muziki likianza anaizima kwa hasira. Kisha jana yake mjukuu wa miaka 6 aliangusha mfuniko wa sufuria kwenye sakafu ya saruji. Mzee alimpiga mtoto kwa fimbo. Katika maisha yake yote hakuwahi kumpiga mtoto kwa fimbo.

Mama wa mtoto alikuwa amefunga nguo zake ili arudi kwao. Alisema amechoka. Baba mkwe akiitwa na wanaume anaitika, lakini yeye mkamwana akimwita kwa adabu, anakaa kimya kama hajaitwa. Aliona kwamba amedharauliwa.

Kijana wa mzee naye akaja, amekasirika. Akaniuliza mbele ya mama yake: "Bwana Shamba, wewe umesoma. Niambie. Kama baba ni kiziwi kweli, mfuniko umemwumizaje? Kiziwi huumizwa na kelele?"

Swali hilo lilikuwa la haki. Mimi sikuwa na jibu. Nina cheti cha kilimo, na katika cheti kile hakuna somo la masikio. Nikaondoka na swali lile juu ya pikipiki, nikalipeleka kwa tabibu wa kituo cha afya. Tabibu ni kijana, lakini alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Huyo mzee hajifanyi. Mleteni."

BAISKELI YENYE GUNIA

Haya ndiyo tabibu aliyotueleza siku ile, pamoja na yale niliyojifunza baadaye hospitalini.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mtikisiko huo huingia katika tundu la sikio na kugonga ngozi nyembamba iitwayo ngoma ya sikio. Nyuma ya ngoma hiyo kuna vifupa vitatu vinavyopokezana mtikisiko. Kifupa cha tatu ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Urefu wake ni kama milimita 3 tu. Vifupa hivyo hupeleka mtikisiko katika sikio la ndani. Sikio la ndani lina umbo la konokono, nalo limejaa maji. Maji yanatikisika.

Ndani ya konokono huyo ndimo ulimo ugonjwa wa Mzee wa Mashine. Humo kuna chembe hai ndogo sana zenye vinyweleo juu yake. Huwezi kuziona bila hadubini. Ziko za aina mbili. Aina ya kwanza ni wajumbe. Katika kila sikio wako kama 3,500. Hao hupokea mtikisiko na kupeleka habari kwenye ubongo kwa njia ya mishipa ya fahamu. Aina ya pili ni wasaidizi. Katika kila sikio wako kama 12,000. Kazi yao ni kuikuza sauti ndogo ili wajumbe waipate.

Wewe umewahi kumwona mtu akipeleka gunia la mahindi sokoni kwa baiskeli. Akifika kwenye mlima, vijana wanamsaidia kusukuma. Bila wao hapandi. Akifika kwenye mteremko hakuna anayesukuma. Baiskeli inakwenda yenyewe, tena kwa kasi. Sauti ndogo ni kama baiskeli kwenye mlima, haifiki bila wasaidizi. Sauti kubwa ni kama baiskeli kwenye mteremko. Inafika yenyewe, haihitaji msaada.

Sasa fikiri kwamba vijana wote wa kusukuma wamekufa. Kwenye mlima baiskeli inakwama. Kwenye mteremko je? Inakwenda kwa kasi ile ile ya zamani. Hali ya Mzee wa Mashine ni hiyo. Kelele za injini za miaka 22 zimewaua wasaidizi. Mtu akisema kwa sauti ndogo, sauti haifiki. Mfuniko ukianguka, sauti inafika na nguvu zake zote.

Wataalamu hupima ukubwa wa sauti kwa kipimo kiitwacho desibeli, kama sisi tunavyopima mbolea kwa kilo. Mnong'ono ni kama desibeli 30. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Sauti ya kufika 100 humkera karibu kila mtu. Mtu mwenye masikio mazima huanza kusikia karibu na sifuri, akapanda polepole mpaka 100, kama mtu anayepanda ngazi yenye vipandio kumi. Mgonjwa wa aina hii vipandio vya chini vimevunjika. Anaanza kusikia kwenye kipandio cha sita au cha saba. Akipanda vipandio vitatu tu, kichwa kimegonga bati. Kwake yeye, kati ya "sisikii" na "unaniumiza" hakuna nafasi kubwa. Ndiyo maana unapoongeza sauti kidogo tu, anaruka.

Jambo hili si jipya kwa waganga. Katika miaka ya 1930 daktari mmoja wa New York, Marekani, aitwaye Edmund Prince Fowler, alilichunguza kwa watu walioharibika sikio moja tu. Alitoa sauti kwa zamu, mara katika sikio zima, mara katika sikio bovu. Sauti ilipokuwa ndogo, sikio bovu halikuipata kabisa. Alipoiongeza, sikio bovu lilianza kulifukuza sikio zima. Ilipokuwa kubwa sana, mgonjwa alisema masikio yote mawili yanasikia sawa. Kwa wagonjwa wengine sikio bovu hata hulipita sikio zima.

SI KILA UZIWI NI WA NAMNA HII

Hapa lazima tutofautishe. Mtu ambaye sikio limezibwa na nta, au mtoto anayetoka usaha sikioni, naye hasikii vizuri. Lakini yeye ni kama mtu aliyeziba masikio kwa kitambaa. Sauti zote zinapungua, ndogo na kubwa. Ukiongeza sauti, anakusikia na kufurahi. Harushwi na mfuniko. Ugonjwa wa huyo mara nyingi hutibika. Nta hutolewa na mganga wa zahanati, na usaha hutibiwa. Usichokonoe sikio kwa njiti ya kiberiti wala kwa unyoya wa kuku. Usitie mafuta ya taa wala maji ya majani. Nimewaona waliofanya hivyo, na mmoja wao alitoboa ngoma ya sikio.

Lakini chembe za vinyweleo zikifa, zimekufa. Binadamu huzaliwa nazo na hazioti tena. Hadi leo hakuna dawa ya kuziotesha, wala ya hospitali wala ya kienyeji. Mtu akikuuzia dawa ya kuzirudisha, fedha yako imekwenda.

Hapa nitasema jambo moja la mifugo, maana nimeshindwa kulinyamazia. Kuku wana bahati kuliko sisi. Mwaka 1987 na 1988 wanasayansi wa Marekani waliwachunguza kuku na ndege wengine walioharibiwa masikio kwa kelele. Waliona chembe za vinyweleo zimeota upya baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo jogoo anayelala nyuma ya mashine ya kusaga anaweza kupona, na mwenye mashine asipone. Wataalamu bado wanatafuta jinsi kuku anavyoweza.

Tena kelele siyo sababu pekee. Uzee hupunguza chembe hizo kwa kila mtu, kwa wengine mapema. Surua, matumbwitumbwi na homa ya uti wa mgongo huweza kuziua. Ziko pia dawa zenye kazi kubwa ya kuokoa maisha ambazo huweza kudhuru sikio la ndani, kama sindano za streptomaisini, kanamaisini na jentamaisini. Ilikuwa kawaida kumwona mtu aliyepona kifua kikuu akatoka na mlio masikioni na uziwi. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2018 na 2019 Shirika la Afya Duniani halishauri tena kanamaisini kwa kifua kikuu sugu. Kwinini nyingi nayo huleta mlio na uziwi, ingawa kwa kawaida huo huondoka dawa ikiisha mwilini. Tafadhali usiache dawa yako kwa kusoma habari hii. Ukisikia mlio au masikio yakififia wakati unatumia dawa, mwambie mganga siku hiyo hiyo.

SIKIO ZIMA LINALOUMIZWA NA SAUTI

Wako pia watu wengine. Hawa wakipimwa, sauti ndogo wanaisikia vizuri kabisa. Lakini sauti za kawaida, kama kuchota maji kwa ndoo au mtoto kucheka, zinawaumiza. Hao nao hawajifanyi.

Wataalamu wengi wanaona kwamba kwa watu hao kazi inafanyika katika ubongo. Wewe ukitafuta stesheni ya mbali kwenye redio, unazungusha swichi ya sauti mpaka mwisho. Halafu ghafla stesheni ya karibu inaingia. Nyumba nzima inashtuka. Ubongo nao ukipata habari kidogo kutoka sikioni, huzungusha swichi yake juu. Hapo sauti ya kawaida huingia kama kelele. Hata mlio wa masikioni, ule wa "nziii" usiku, mara nyingi hufuatana na hali hiyo.

Jambo hili huweza kuja baada ya mlipuko mkubwa karibu na sikio, kwa mfano wakati wa kupasua mawe kwa baruti. Huweza kuja baada ya kugongwa kichwa, kama kuanguka kwa pikipiki bila kofia. Watu wenye kipandauso hawavumilii sauti wakati kichwa kinauma. Watoto wengi wenye usonji huziba masikio na kulia wakisikia kelele. Mtoto wa namna hiyo ukimpiga ili azoee, hazoei. Unamwongezea hofu tu.

Sababu moja zaidi ni ya kuangaliwa. Katika sikio kuna msuli mdogo sana ulioshika kile kifupa cha tatu. Kelele ikija, msuli huo huvuta na kukizuia kifupa kisitikisike mno. Ni kama breki. Msuli huo huongozwa na mshipa ule ule wa fahamu unaoongoza uso. Mshipa huo ukipooza, uso huenda upande mmoja, jicho halifumbi, mate yanadondoka, na sikio la upande huo huona kila sauti ni kali. Huku kwetu mtu akipatwa hivyo husemwa amepigwa kofi na shetani. Nilimwona mama mmoja aliyezungushwa kwa waganga wa kienyeji kwa mwezi mzima. Ndugu, mtu uso ukienda upande, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ni kiharusi. Na kama ni kupooza kwa mshipa wa uso tu, dawa yake husaidia zaidi ikianza katika siku 3 za mwanzo. Wengi hupona, na makali ya sauti huondoka pamoja na ugonjwa.

Kuna na ugonjwa wa ajabu ambao daktari Lloyd Minor na wenzake wa Marekani waliueleza mwaka 1998. Mfupa unaofunika sehemu ya juu ya sikio la ndani unakuwa na tundu. Mgonjwa husikia hatua zake mwenyewe kama ngoma, na wengine husikia hata macho yao yakigeuka. Kelele humtia kizunguzungu. Ni ugonjwa wa nadra. Nimeutaja kwa sababu mtu akisema anasikia macho yake, watu watasema amerukwa na akili, kumbe ni tundu katika mfupa.

MZEE ANAPIMWA

Tulimpeleka mzee hospitali ya wilaya, na kutoka hapo hospitali ya rufaa, kwa waganga wa masikio, pua na koo. Kijana wake alitaka nauli ya baba itoke kwenye mashine. Mama akauza mbuzi, maneno yakaisha.

Walimwingiza katika chumba kisicho na sauti, wakamvisha visikilizio, wakampa kitufe. Akisikia, abonyeze. Mimi na kijana wake tuliruhusiwa kutazama kwenye dirisha la kioo. Mpimaji alituonyesha mshale wa sauti nyembamba. Akaiongeza 30, 40, 50, 60. Mzee ametulia, anatazama ukuta. Kwenye 65 akabonyeza. Mpimaji akaendelea kuongeza taratibu. Kwenye 95 mzee akavua visikilizio kwa mikono miwili.

Kijana wake alikuwa karibu yangu. Hakusema neno. Aliangalia chini kwa muda mrefu.

Sauti nene, kama ya ngoma au ya mwanamume, mzee alizisikia vizuri zaidi. Mpimaji alisema ndivyo kelele inavyofanya. Huanza kuharibu sauti nyembamba. Na katika maneno, sauti nyembamba ni s, f, sh, t na k. Ukimwambia mzee "saa", "taa", "kaa" au "paa", anasikia "aa" tu, kisha anabahatisha. Sauti za wanawake na watoto nazo ni nyembamba. Nikakumbuka malalamiko ya mkamwana, kwamba wanaume wakiita baba mkwe huitika. Kumbe sauti yake haikumfikia mzee.

Mpimaji alitupa maagizo. La kwanza lilikuwa la mashine: mzee asisimame tena ndani ya chumba kile. La pili lilikuwa letu sisi tunaosema naye. Tusipige kelele. Tusogee karibu, hatua moja au mbili. Tukae mbele yake mahali penye mwanga, aone midomo. Tumguse bega kwanza au tumwite jina, ndipo tuseme, polepole, kwa sauti ya kawaida. Asiposikia, tubadilishe maneno, tusirudie yale yale kwa kelele. Nimefanya hivyo na mzee tangu siku hiyo. Mwanzoni nilijisahau mara nyingi, maana mkono wa bwana shamba umezoea kipaza sauti.

La tatu ni shimesikio, yaani kifaa kidogo cha kuvaa sikioni kinachosaidia kusikia. Zile za zamani zilikuza kila sauti kwa kiasi kimoja, na kwa watu kama mzee zilikuwa mateso. Wengi walizitupa kabatini. Zilizopo sasa huweza kupangwa zikuze sana sauti ndogo, zikuze kidogo sauti kubwa, na zisipite kiwango fulani. Kwa hiyo usinunue shimesikio barabarani, wala usivae ya marehemu babu. Ipangwe kwa sikio lako. Bei yake ni kubwa. Tulisubiri karibu mwaka mmoja na nusu mpaka mzee alipopata moja.

Nilimwuliza mpimaji, je, mzee akiziba masikio kwa pamba siku zote, si atapona na kelele? Akasema hapana. Penye mashine, ndiyo, zibeni. Lakini nyumbani, penye sauti za kawaida, asizibe. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha habari za watu wenye masikio mazima walioziba masikio kwa wiki mbili. Walipofungua, sauti zilikuwa kali zaidi kwao kuliko mwanzo. Wengine walisikilizishwa mvumo mdogo laini kwa muda huo huo. Hao wakavumilia sauti zaidi. Ubongo ukikosa sauti hupandisha swichi. Ukipata sauti kidogo kidogo hushusha. Ndiyo maana mtu anayeumizwa na sauti za kawaida hashauriwi kujifungia chumbani. Hurudishwa katika sauti polepole, kwa kusaidiwa na mtaalamu.

CHUMBA CHA MASHINE

Nina neno kwa wenye mashine za kusaga, wapasua mbao kwa mashine, madereva wa trekta na mafundi wa kuchomelea. Kelele ya desibeli 85 sikio huivumilia kwa saa 8 kwa siku. Ikiongezeka 3 tu, yaani 88, muda unapungua nusu, saa 4. Ikifika 91, saa 2. Ikifika 100, dakika 15 tu. Mashine nyingi za kusaga zilizopimwa zimepita 85. Huna haja ya kipimo. Mwenzako akiwa umbali wa mkono mmoja, na ni lazima upige kelele akusikie, kelele ya hapo ni mbaya kwa sikio. Ukitoka kazini na masikio yanalia au yameziba, ujue umewaumiza wale wasaidizi.

Mashine ya kijijini kwetu imebadilishwa. Injini imetolewa nje, chini ya kibanda, mkanda unapita ukutani. Bomba la moshi limerefushwa na kugeuzwa upande wa bonde. Dirisha limepanuliwa. Kijana wa mzee ndiye anayesaga, na anavaa vifuniko vya masikio, vile vinavyofanana na visikilizio vya redio. Pamba kavu peke yake haizuii kitu. Mwanzoni wenzake walimwita "rubani". Sasa ana msaidizi, wanapokezana kila baada ya saa mbili, na wote wawili ni marubani.

Vibarua wa kushika magunia bado hawana vifuniko. Nimesema mara tatu. Nitasema tena.

Mzee sasa hukaa nje chini ya mti, mbali na injini, akipokea fedha na kuandika madebe kwenye daftari. Viwavijeshi anavijua. Nilimfundisha shambani kwake, tukiwa wawili, tumesimama uso kwa uso, nikimfungulia kikonyo cha mhindi kwa vidole. Mkamwana alibaki. Mikeka ya kulia chakula imewekwa juu ya magunia ili sahani zisilie kwenye saruji, na mifuniko ya sufuria hutundikwa ukutani kwa misumari.

Juzi nilipita saa ya chakula cha mchana. Mjukuu yule aliyepigwa, sasa ni msichana mkubwa, anasoma darasa la juu. Alikwenda mpaka mbele ya babu yake, akachuchumaa, akamgusa goti. Akasubiri mpaka mzee amtazame. Kisha akasema taratibu, "Babu, chakula tayari."

"Nimesikia," mzee akasema. Kisha akanigeukia mimi: "Na wewe Bwana Shamba, njoo tule. Lakini acha kile kipaza sauti chako kwenye pikipiki."